Washa hotspoti, lakini kumbuka laini ni yako

Chukulia ni usiku wa Juni 30, saa nne na nusu, katika ploti moja ya Kawangware. Vijana watatu wako chumba kimoja, na simu ya mmoja wao imewekwa dirishani ili ishike netiweki vizuri. Hotspoti imewashwa. Wa kwanza anajaza marejesho ya ushuru kwenye iTax, kwani saa sita ikipita kabla hajayawasilisha atatozwa faini ya Sh2,000, hata kama mwaka mzima hakupata mapato yoyote. Wa pili anatuma CV. Wa tatu yuko TikTok, na laptopu aliyoiacha wazi juu ya kitanda imeanza kusasisha programu zake kimyakimya.

Saa tano na dakika ishirini, bando linaisha. Duka la karibu limefungwa, M-Pesa ina salio la shilingi nane, na fomu ya ushuru imekwama ukurasa wa mwisho. Mwenye simu anauliza, "Nani amemaliza data?" Hakuna anayejibu. Kila mmoja anamtazama mwenzake.

Kama umeishi Nairobi kwa muda, kisa hiki unakijua. Pengine wewe ndiwe uliyekuwa na simu dirishani. Pengine wewe ndiwe wa TikTok.

"Msee, niwashie hotspoti kidogo" imekuwa kama salamu siku hizi. Utaisikia kwenye mabenchi ya Jeevanjee, nje ya Archives unapomngoja mtu, ndani ya matatu ya 46 iliyokwama Valley Road, na kwenye ngazi za vyuo vya katikati ya jiji. Huyu anataka kusoma barua pepe ya mwajiri. Yule anaangalia kama HELB imeingia. Mwingine anataka tu kujua matokeo ya mechi.

Hoja yetu leo ni kwamba utamaduni huu ni mzuri na tusiuache ufe, ila unahitaji masharti. Anayewasha hotspoti hutoa vitu viwili kwa pamoja, pesa yake na jina lake. Wengi wetu tunaiona pesa. Jina hatulikumbuki hadi siku kuna shida.

Kushiriki mawasiliano si jambo jipya mjini humu. Miaka ya mwanzo ya 2000, asiyekuwa na simu alienda kwa mwenye Simu ya Jamii, akalipia dakika alizoongea na kuondoka. Barua pepe ilisomwa saiba, pembeni kukiwa na saa inayokuhesabia. Mwaka 2009 nyaya za chini ya bahari, SEACOM na TEAMS, zilifika Mombasa, na intaneti ikaanza kuwa kitu cha kila siku, si cha wenye ofisi pekee. Leo simu iliyo mfukoni mwako inafanya kazi ya ile saiba. Tofauti ni kwamba saiba ilikuwa na bei ukutani na mtu kaunta. Hotspoti haina bei, haina kaunta, na kumwambia rafiki "hapana" ni aibu.

Tuanze na pesa. Unapowasha hotspoti, simu yako inageuka ruta. Inapokea data kutoka kwenye mnara kwa 4G au 5G, kisha inaisambaza kwa Wi-Fi kwa vifaa vilivyo karibu. Shida inaanzia kwenye hilo neno Wi-Fi. Laptopu nyingi zimetengenezwa zikidhani kwamba penye Wi-Fi pana intaneti isiyoisha, kama ya ofisini au ya nyumba yenye faiba. Hivyo zikiungana tu, zinaanza kusasisha mfumo, kupandisha picha na kupakua mafaili ambayo hakuna aliyeyaomba. Zinakula bando la saa moja kana kwamba ni la mwezi.

Video ndiyo mlaji mkubwa kuliko wote. Netflix yenyewe inasema saa moja ya filamu ya ubora wa kawaida inaweza kutumia hadi GB 1, na ya ubora wa juu hadi GB 3. Linganisha na CV ya kurasa mbili, ambayo mara nyingi haifiki hata MB 1. Kwa hivyo mtu anayekuomba hotspoti "kidogo" anaweza kuwa anaomba kitu kisichokugharimu chochote, au anaomba chakula chako cha mchana. Una haki ya kuuliza ni kipi.

Sasa jina. Laini yako imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Kanuni za usajili wa laini za simu zilitolewa 2015, na wengi mnakumbuka foleni za 2022 Mamlaka ya Mawasiliano ilipotoa makataa ya watu kuhakikisha usajili wao uko sawa. Kila kifaa kinachopita kwenye hotspoti yako kinatoka nje kikionekana kama laini yako. Mtandao wa nje haujui kama aliyetuma ujumbe ni wewe, rafikiye rafiki yako, au jamaa wa nyumba ya pili aliyeipata paswadi yako mwezi uliopita na hakuwahi kuisahau.

Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 si mchezo. Kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila idhini pekee kuna faini isiyozidi Sh5 milioni, au kifungo kisichozidi miaka mitatu, au vyote viwili. Hatusemi kwamba mwenye hotspoti atafungwa kwa kosa la mwingine. Tunasema kwamba mtu akitapeliwa au akitukanwa kupitia laini yako, mlango wa kwanza kubishwa utakuwa wako. Utakuwa na kazi ya kueleza nani alikuwa ameungana usiku ule, wakati hata wewe hujui.

Kuna watakaosema kwamba kuweka masharti ni uchoyo, na kwamba sisi tumelelewa kwa harambee. Hoja hiyo tunaiheshimu. Wengi wetu tulipata kibarua cha kwanza kwa hotspoti ya mtu mwingine, tukaandika kazi ya chuo kwa bando la rafiki, na tukajaza fomu za KUCCPS tukiwa tumeegemea ukuta wa jirani. Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Lakini harambee haikuwa kapu lisilo na hesabu. Kulikuwa na daftari, majina yakaandikwa, na kila mtu alijua pesa zinakwenda kujenga nini. Msaada usio na mpaka hauishi kwa shukrani. Unaisha kwa kuzimiana simu na kusalimiana kwa mbali.

Kwa hivyo, kwa mwenye simu, fanya mambo machache tu.

Weka nywila ya kweli. Si 12345678, wala si nambari yako ya simu. Ukimaliza kumsaidia mtu usiyemjua vizuri, ibadilishe. Inachukua nusu dakika.

Badilisha jina la hotspoti. Simu nyingine hutangaza jina la mwenyewe kwa kila aliye karibu. Hakuna haja ya matatu nzima kujua unaitwa nani.

Angalia nani ameungana. Simu nyingi za Android zinaonyesha orodha ya vifaa, na baadhi zinakuruhusu kuweka kikomo cha data au cha idadi ya vifaa. Ukiona vinne na ulimpa mtu mmoja, zima.

Ikiwa ni laptopu moja tu, tumia waya wa USB badala ya Wi-Fi. Simu itakuwa inachajiwa na laptopu badala ya kuishiwa moto, na hakuna jirani atakayedandia.

Kwenye laptopu ya Windows, fungua mipangilio ya ile Wi-Fi uliyounganisha na uwashe sehemu iliyoandikwa "metered". Hapo umeiambia kwamba data hii inalipiwa kwa kipimo, nayo itaahirisha sehemu kubwa ya ule usasishaji wake.

Na kwa anayeomba, ustaarabu nao haugharimu kitu. Sema unataka kufanya nini na kwa dakika ngapi. "Nataka kutuma email moja" ni ombi ambalo mtu anaweza kulipima. Zima video zinazojicheza zenyewe kabla hujaungana. Ukimaliza, ondoka kwenye muunganisho na useme umemaliza. Ukiwa na pesa, rudisha, hata kama ni bando la shilingi ishirini. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Ukiomba hotspoti kwa mtu yule yule siku ya tatu mfululizo, jembe ni lako.

Neno moja pia kwa wanaotafuta Wi-Fi ya bure huko tao. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kuipa hotspoti yake jina lolote, likiwemo jina la mkahawa uliokaa ndani yake. Kuona "Free Wi-Fi" bila nywila si ithibati kwamba ni ya mwenye duka. Muulize mhudumu jina kamili. Na mambo ya benki yaache hadi utakaporudi kwenye data yako.

Lakini haitakuwa haki kumaliza kwa kuwafunza vijana adabu tu, kana kwamba tatizo zima ni adabu. Swali kubwa ni kwa nini mtu wa miaka 23 aombe hotspoti ili alipe ushuru.

Serikali imehamishia maelfu ya huduma kwenye eCitizen. Marejesho ya ushuru ni mtandaoni. Mkopo wa HELB unaombwa mtandaoni, nafasi ya chuo inachaguliwa mtandaoni, na hata nafasi nyingi za kazi hazipokei tena bahasha. Mpango wa Ajira Digital, ulioanza 2016, unawaambia vijana waende mtandaoni wakatafute riziki. Sawa. Lakini huwezi kuhamisha kaunta zote mtandaoni kisha nauli ya kufika huko ukamwachia kijana asiye na kazi.

Tena nauli hiyo hailingani. Kutoka Kawangware hadi Lavington ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Upande mmoja, nyumba nyingi zinalipia faiba kwa mwezi na hakuna anayehesabu MB. Upande wa pili, wengi wananunua data kwa saa, kama wanavyonunua unga wa kupimiwa na mafuta ya kibaba. Anayenunua kidogokidogo ndiye anayelipa zaidi kwa kila GB, na ndiye pia anayeombwa hotspoti na watu watatu.

Serikali ya Kenya Kwanza iliahidi vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma na vituo 1,450 vya kidijitali, kimoja kwa kila wadi nchini. Tunaikumbusha ahadi hiyo kwa sababu ni nzuri. Viongozi wa wadi za Kawangware, Kangemi na Uthiru wawaonyeshe vijana wao kituo kiko wapi, kinafunguliwa saa ngapi, na kama Wi-Fi yake inafanya kazi usiku wa Juni 30, si siku ya uzinduzi pekee.

Tukisubiri, ploti zinaweza kujisaidia. Tayari kuna majirani wanaochanga na kulipia Wi-Fi moja kwa mwezi. Watu watano wakijumlisha wanachotumia kwa mabando ya saa moja moja, mara nyingi wataona wangepata intaneti ya mwezi mzima na chenji ikabaki. Hicho ni chama kama vyama vingine. Wekeni mweka hazina, andikeni majina, badilisheni nywila kila mtu anapohama.

Na hadi siku hiyo, hotspoti itaendelea kuombwa, na tunataka iendelee kutolewa. Usiku kama ule wa Kawangware hauhitaji miujiza. Unahitaji mwenye simu aulize mapema, "Nani ana kitu cha haraka?" Mwenye fomu ya ushuru aingie kwanza, mwenye CV afuate, laptopu ya kitandani ifungwe, na wa TikTok angoje saa sita ipite. Hatapoteza chochote. Mwenzake angepoteza Sh2,000.