Amri Iandikwe Kwanza: Maoni Juu ya Kufundisha kwa Kamera ya Falaki

Ufundishaji wa sayansi umepata chombo ambacho walimu waliotutangulia hawakukijua, nacho ni kamera ya falaki: kamera inayofungwa kwenye darubini na kuongozwa kwa programu ya kompyuta. Mtu huandika amri, darubini hugeuka, kamera hupokea mwanga, na picha hutokea juu ya kioo. Ni maoni yetu kwamba chombo hiki chaweza kumwelimisha mtoto sana, na chaweza pia kumfanya awe mtazamaji tu. Tofauti haimo katika bei ya kamera. Imo katika swali moja: nani anayeamua amri, na anaiamua lini?

Ni rahisi mno mwalimu kuangukia njia mbaya. Yeye hukaa mbele ya kompyuta na kushika kipanya, na watoto hamsini husimama nyuma yake. Picha ya Mwezi ikitokea, wote hushangilia, na somo likaisha. Watoto wamefurahi, lakini aliyefikiri ni mwalimu peke yake. Hiyo ni sinema, si somo.

Yafaa kwanza tufahamu kamera hii inafanyaje kazi. Ndani yake hamna filamu, bali kihisi. Wa kwanza wa namna hiyo kilibuniwa mwaka 1969 na Willard Boyle na George Smith katika maabara za Bell, Marekani, nao wakapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2009. Uso wa kihisi umegawanywa katika vyumba vingi vidogo. Kila chumba hukusanya mwanga kama ndoo inavyokinga maji ya mvua chini ya mchirizi. Muda ukiisha, kiasi kilichomo katika kila ndoo husomwa na kuandikwa kwa tarakimu. Kwa hiyo picha ya nyota, kabla haijawa picha, ni jedwali la hesabu; na jedwali la hesabu ni mali ya mwalimu wa shule ya msingi.

Twashauri basi kwamba somo la kwanza lifanyike bila kompyuta. Trei ya mayai, ambayo yapatikana kwa urahisi siku ya gulio hapa Tengeru, ina mashimo 30. Mtoto mmoja amwage punje za mahindi juu yake, nyingi katikati na chache pembeni, wa pili ahesabu sekunde kumi, wa tatu aseme, "Funga!" Darasa lihesabu punje za kila shimo, liandike tarakimu katika miraba 30 daftarini, kisha litie penseli: penye punje nyingi paachwe peupe, penye chache pawe peusi. Hapo watoto wamekwisha kupiga picha. Warudie kwa sekunde thelathini, nao wataona mashimo ya katikati yakifurika na punje zikiangukia mashimo ya jirani. Sasa watajua kwa mikono yao kwa nini Mwezi hupigwa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na kwa nini wingu hafifu la gesi katika kundi la Orion hudai sekunde nyingi au hata dakika.

Baada ya hapo ndipo darasa lifike kwenye programu. Hata hapo kipanya kisiguswe kabla daftari halijajazwa mambo manne, kila moja na sababu yake.

(a) Mahali. Programu inayoongoza darubini huuliza iko wapi duniani. Tengeru iko karibu nyuzi 3 na dakika 22 kusini mwa Ikweta. Anayesahau kuonyesha kwamba ni kusini ameihamishia darubini upande wa kaskazini, na kosa hilo ni la karibu nyuzi 7, upana wa Mwezi mara 13. Isitoshe, vitabu vingi vya maelezo vimeandikwa kwa watu wa kaskazini, navyo huagiza darubini ielekezwe kwenye Nyota ya Kaskazini. Kwetu nyota hiyo iko chini ya upeo wa macho. Mtoto aelewe kwa nini agizo la kitabu halimfai. Huo peke yake ni somo zima la jiografia.

(b) Saa. Wanafalaki hutumia saa moja ya dunia nzima, iliyo nyuma ya saa zetu kwa saa tatu. Hesabu yake kwa Kiswahili ni nyepesi: saa ya mchana huongezwa 3, na saa ya usiku huongezwa 15. Saa 4 asubuhi ni 7 katika saa ya dunia. Saa 2 usiku ni 17. Watoto wa darasa la tatu wayaweza haya.

(c) Muda wa kupokea mwanga. Dunia hujizungusha nyuzi 15 kwa saa, hivyo anga huonekana kuhama upana wa Mwezi kila dakika mbili. Darubini isiyo na mota ya kuifuata nyota itachora mstari badala ya nukta. Watoto watakaokichagua Kilimia, ambacho wazee walikitazama ili kujua majira ya kulima, wapendekeze muda, waupige, wautazame, kisha waurekebishe. Pendekezo lisilofaa lisifutwe. Liandikwe pamoja na matokeo yake.

(d) Picha ya giza. Kihisi chenye joto huandika tarakimu hata pasipo mwanga. Kwa hiyo hupigwa picha nyingine, kifuniko kikiwa kimefungwa, kwa muda uleule na joto lilelile, na tarakimu zake hutolewa. Chumba chenye 140 katika picha ya nyota na 35 katika picha ya giza kina 105 za haki. Ni hesabu ya kutoa, wala si uchawi.

Darasa kubwa ligawanywe katika vikundi: watafuta shabaha, watunza saa, wapanga muda, waandishi na wakaguzi. Wakaguzi wawe na haki ya kusema, "Bado," na mwalimu awatii. Onyo moja lisisahauliwe kamwe: darubini isielekezwe kwenye Jua bila kichujio maalumu mbele yake. Watu waliokusanyika Rujewa tarehe 1 Septemba 2016 kutazama kupatwa kwa Jua walihitaji kinga hata kwa macho matupu. Kwa darubini hatari ni kubwa zaidi.

Tunajua watakaopinga. Wa kwanza watasema shule zina upungufu wa madawati, anga itasubiri. Tunakubali kwamba madawati yanunuliwe. Lakini trei ya mayai haishindani na dawati, na kamera yenyewe si lazima iwe ya shule. Mtandao wa Las Cumbres Observatory una darubini Sutherland, Afrika ya Kusini, na mahali pengine pengi, zote zikiongozwa kwa mbali kupitia intaneti. Darubini ya Faulkes iliyoko Haleakala, Hawaii, ilijengwa miaka ya mwanzo ya 2000 ili wanafunzi wa Uingereza waiongoze wakati wa masomo, kwa kuwa mchana wao ni usiku wa Hawaii. Mpango huo watufaa hata sisi: hapa ikiwa saa 4 asubuhi, kule ni saa 3 usiku wa jana yake. Mawingu ya Mlima Meru, ambayo wakati wa masika huifunika anga ya Tengeru usiku baada ya usiku, hayafiki Hawaii.

Wa pili watasema kwamba programu za leo hufanya yote zenyewe, hesabu ni kupoteza wakati. Hao twawajibu kwamba kompyuta haikatai amri ya kipumbavu. Huitii upesi kama inavyotii amri ya busara, na asiyeweza kuikagua amri yake hawezi kuiona tofauti.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere alitaka shule imjenge mtoto mwenye akili ya kudadisi, awezaye kujifunza kwa wengine na kuyakubali au kuyakataa kulingana na mahitaji yake. Mtoto anayebonyeza asichokielewa hajitegemei, hata kama chombo alichokibonyeza ni cha kisasa kuliko vyote. Tengeru ina Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, lakini njia ya kuifikia huanzia darasa la tatu, mbele ya mwalimu mwenye chaki.

Kwa hiyo twawasihi ninyi mnaojiandaa kwa kazi hii: mtakapopewa kamera, msiwe wapiga picha wa watoto wenu. Wapeni daftari kwanza, waulizeni sababu, ngojeni majibu. Kipanya kije mwisho, nacho kiwe mkononi mwa mtoto.