Ngurumo Ikisikika, Mchezo Ukome

Kule Kisii na Kakamega, radi si jambo geni. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda nyanda za juu na kuzaa dhoruba alasiri, saa ile ile ya michezo shuleni. Nasikitika kila nionapo mechi ikiendelea huku mbingu zikinguruma, na watazamaji wamejikinga chini ya mti. Anayesikia ngurumo yumo hatarini tayari.

Walimu, Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ikitoa ilani, ahirisheni mchezo. Ngurumo ikisikika, waingizeni wanafunzi darasani, mbali na madirisha na mabomba, hadi dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Kusingizia uchawi baada ya maafa hakumfufui mtoto. Tahadhari kabla ya hatari.