Usiuze "dawa ya uzee", uza karanga kavu na stroberi safi

Siku hizi kwenye magrupu ya WhatsApp linazunguka tangazo: "Kula stroberi na karanga, hutazeeka." Vijana mnaniuliza kama mnaweza kuliandika kwenye kopo. Mimi nasema hapana, na sababu yangu ni ya kibiashara.

Tuanze na sayansi. Komamanga, stroberi, rasberi na walnati vina kemikali za mmea ziitwazo elajitanini. Bakteria wa tumboni huzigeuza kuwa urolithini A. Mwaka 2016 watafiti wa Lausanne, Uswisi, walionyesha kwamba minyoo wadogo waliopewa urolithini A waliishi muda mrefu zaidi kwa takriban asilimia 45, kwa sababu inasaidia seli kuondoa sehemu zilizochakaa za kuzalisha nguvu. Habari njema, ila mnyoo si mteja wako. Kwa binadamu wamejaribu zaidi urolithini A yenyewe iliyopimwa, si bakuli la matunda. Tena si kila mtu ana bakteria wa kuitengeneza. Na karanga wala korosho si mazao yanayosifika kwa elajitanini.

Sasa pesa iko wapi? Iko kwenye usafi. Karanga isiyokauka vizuri inaota ukungu, na ukungu unaleta sumukuvu, ambayo husababisha saratani ya ini. Kukaanga hakuimalizi. Yaani unaandika "maisha marefu" kwenye kopo huku ndani umeweka kinachofupisha maisha! Mnunuzi mkubwa akipima mzigo, lebo yako haitakuokoa.

Kwa hiyo fanya haya: anika karanga kwenye turubai au kichanja, si chini kwenye udongo. Chambua zilizovunjika, zilizosinyaa na zenye ukungu. Panga magunia juu ya mbao, mbali na ukuta. Stroberi chuma asubuhi, zipooze mapema, na heshimu siku za kusubiri baada ya kupulizia dawa.

Kwenye lebo andika ukweli: stroberi ina vitamini C, karanga ina protini. Ongeza tarehe ya kufungasha na namba ya simu. Mteja aliyedanganywa hununua mara moja tu. Aliyepata mzigo safi anarudi, na anakuja na jirani yake.