MLINZI NA AUJUE MTAA

Mwizi wa siku hizi havunji mlango. Hubisha hodi kwa neno la siri ambalo chombo kilitoka nalo kiwandani, na chombo humfungulia. Ndivyo programu ya Mirai ilivyofanya mwaka 2016. Ilijaribu maneno ya siri 60 hivi tu, ikateka kamera na ruta kwa maelfu, na tarehe 21 Oktoba zikatumwa kwa pamoja kuilemea kampuni ya Dyn ya Marekani. Twitter na Netflix zikawa hazipatikani kwa wengi. Wenye kamera, aghalabu, hawakujua lolote.

Sisi Kenya tulionja uchungu wa kulemewa Julai 2023, maombi ya bandia yalipoufurika mtandao wa serikali wa eCitizen, wananchi wakakwama.

Basi, ndugu msomaji, wataalamu wamebuni mlinzi: kompyuta inayojifunza. Huonyeshwa mazoea ya kila chombo: kamera hii huzungumza na nani, saa ngapi, kwa wingi gani. Ni kama mwana wa chuoni aliyerudia sura mpaka ikamkaa masikioni. Herufi moja ikikosewa hushtuka, ingawa maana haijui. Kamera ya duka ikianza kubisha milango elfu usiku, mlinzi hupiga kelele.

Mimi si fundi wa kompyuta, lakini nauliza: mlinzi huyu amesomea wapi? Soweto West ya Kibera si London. Hapa laini moja ya intaneti yaweza kuhudumia ploti nzima. Umeme hukatika, na ukirudi vyombo vyote huamka na kuita kwa pamoja. Aliyezoea nyumba za Ulaya ataona uvamizi, afunge mlango. Mwenye duka, mwanafunzi na fundi wa simu wakatiwe bila kosa.

Kifungu cha 35 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 chatupa haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalotugusa sana. Kampuni za intaneti na zikikumbuke. Mlinzi afundwe mazoea ya mtaa anaoulinda, na awepo binadamu wa kusikiliza kabla ya kukata.

Nasi tusiiachie mashine kazi yetu. Ukinunua kamera, iwe Kibera au Kawangware, badilisha neno la siri siku hiyo hiyo. Usipoziba ufa utajenga ukuta.