Mlango wa Klabu ya Rotary

Mwanasheria Paul Harris na wenzake watatu walianzisha Rotary huko Chicago, Marekani, tarehe 23 Februari 1905. Jina latokana na kukutana kwa zamu katika ofisi zao. Tangu 1985 klabu hizi zapigana na polio duniani, nani asisifu?

Ila mlango wao ulikuwa mwembamba. Wanawake waliruhusiwa rasmi mwaka 1989, baada ya Rotary kushindwa kesi katika Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1987. Siku hizi mtu aweza kuomba mwenyewe kujiunga, lakini klabu ndiyo huamua. Basi fundi cherehani mwenye moyo wa kutumikia, aonapo picha za suti na hundi kubwa (hundi hizo!), atajihesabu mwalikwa? Heri aonyeshwe kwanza wanachama wakichanja watoto.