Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone?

Wahenga walinena: mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, hekima hii ina mashiko katika kisiwa cha Dominica, kule Karibiani? Mnamo Agosti 2015, mvua za dhoruba Erika ziliporomosha milima na kukata barabara. Kabla jeraha halijapona, kimbunga Maria kikavamia kisiwa usiku wa tarehe 18 Septemba 2017, kikaezua mapaa na kuangamiza migomba. Wakazi wapatao 70,000 wakaanza kujenga upya.

Meli za watalii zimerejea kutia nanga Roseau, mji mkuu. Wapo wanaoona ni aibu kustarehe palipopita msiba. Mimi nasema zije. Kususia kisiwa hakumwezekei mtu nyumba. Hata hivyo, mgeni huyu hulala melini, hula melini, na mara nyingi hata matembezi yake huyalipia humo humo. Jioni huondoka. Haifikii ile siku ya tatu ambapo wahenga wangempa jembe. Basi jembe lake na liwe mfuko wake: ashuke, aajiri mwelekezi mwenyeji, anunue chakula sokoni. Ndipo mwenyeji atakapopona.