Kosa Lisomwe Kabla ya Diski Kufutwa

Lipo zoea moja lililoota mizizi miongoni mwa wanachuo wetu, ambalo hapana budi lipingwe kabla hawajalichukua kwenda nalo katika shule za msingi. Mwanachuo husakinisha mfumo wa Linux kando ya Windows katika kompyuta moja. Akiizima na kuiwasha, mambo hayawi kama alivyosoma katika maelekezo. Basi hufuta diski yote na kuanza tena tangu hatua ya kwanza. Pengine safari ya pili hufanikiwa, na hapo ndipo penye hasara kubwa zaidi, kwani amefanikiwa bila kujua lililomshinda safari ya kwanza.

Kuweka mifumo miwili katika mashine moja si anasa. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilikomesha huduma yake ya kawaida kwa Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazina sifa zinazotakiwa na Windows 11. Shule yenye mashine za namna hiyo yaweza kutumia Linux kwa masomo na kwa mtandao, na kuibakiza Windows kwa ajili ya programu ambazo kazi za ofisi zimekwisha kuandikwa humo. Katika sehemu hiyo ya Windows ndimo zilimo alama za majaribio na orodha za wanafunzi wa miaka kadhaa. Anayefuta diski kwa pupa hufuta jasho la wenzake.

Katika somo la hisabati tunamfundisha mwalimu mtarajiwa kwamba mtoto aandikapo 52 − 27 = 35 haitoshi kumkata kwa kalamu nyekundu na kumwambia arudie. Jibu lile halikuzuka tu. Mtoto ameona 2 na 7, akatoa ndogo katika kubwa, akapata 5. Kisha 5 toa 2, akapata 3. Mpe 74 − 38, naye atakuandikia 44. Mwalimu awezaye kulitabiri jibu baya la mtoto kabla halijaandikwa, huyo amelielewa kosa lake. Sasa, mbona mwalimu huyo huyo akiketi mbele ya kompyuta huusahau ujuzi huu wote?

Natuitazame saa. Ndani ya kompyuta imo saa ndogo iendeshwayo kwa betri hata mashine inapokuwa imezimwa. Windows huichukulia saa hiyo kuwa yaonyesha saa za mahali ilipo. Linux, kwa desturi yake, huichukulia kuwa yaonyesha saa za kimataifa, yaani UTC. Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya saa hizo. Kwa hiyo mwanachuo atokapo katika Linux na kuingia Windows saa nne asubuhi, aghalabu hukuta imeandikwa saa moja. Wengi husema betri imekufa. Lakini betri iliyokufa hairudishi saa nyuma kwa saa 3 kamili. Huirudisha kwenye tarehe ya zamani kabisa, hata mwaka ambao mwanachuo alikuwa bado mtoto. Ukubwa wa kosa wenyewe ndio unaotaja chanzo chake. (Tofauti ikiwa saa 6, tusiilaumu mashine: tumesoma saa ya Kiswahili penye saa ya Kizungu.)

Dawa yake ni kuiamuru Linux isome saa za mahali. Linux yenyewe huonya dhidi ya jambo hilo, na sababu mojawapo ni kwamba ziko nchi ambamo saa husogezwa mbele na kurudishwa nyuma kila mwaka. Kenya, Tanzania na Uganda hazisogezi saa, kwa hiyo sioni kwa nini onyo hilo litutishe sisi.

Makosa ya kuwaka yana sura yake pia, na swali la kuuliza ni hili: mashine imefika wapi kabla ya kukwama? Kompyuta za miaka ya karibuni huwaka kwa utaratibu uitwao UEFI, ambao una orodha ya programu za kuwashia mifumo. Kwa Linux programu hiyo aghalabu ni GRUB, nayo humwonyesha mtumiaji mifumo iliyopo ili achague. Ikiwa mashine yaingia Windows moja kwa moja bila kuuliza, Linux haijapotea. Mara nyingi imewekwa nyuma katika orodha ya UEFI, na kuipandisha juu ni kazi ya dakika chache. Ikiwa kioo ni cheusi na yameandikwa maneno “grub rescue”, hali ni nyingine: GRUB imeanza kazi lakini haikuziona faili zake zilizosalia, labda kwa kuwa mtu ameifuta sehemu ya diski zilimokuwamo. Na ikiwa wakati wa kusakinisha Linux haikuiona Windows hata kidogo, iangaliwe kama flashi iliwashwa kwa utaratibu wa kale wa BIOS ilhali Windows yatumia UEFI. Matokeo haya matatu hufanana machoni mwa mwenye haraka. Yote kwake ni “imegoma”.

Kuna na lile la kuzima. Windows, ikiachwa na mpangilio wake wa kawaida, mara nyingi haizimiki kabisa. Huhifadhi sehemu ya hali yake ndani ya diski ili kesho iwake upesi. Linux ikikuta hali hiyo huweza kukataa kuandika katika sehemu ya Windows, nayo yafanya vyema. Diski haijaharibika. Iwashwe Windows na mpangilio huo uondolewe.

Atatokea wa kusema kwamba mwalimu wa shule ya msingi si fundi. Ni kweli, wala sidai awe fundi. Lakini shule nyingi hazina fundi wa karibu, na kutafuta chanzo cha kosa ni kazi yake ya kila siku ubaoni. Wala kufuta si haramu: mashine isiyo na kitu ndani yake, ifutwe tu, kazi iishe mapema.

Napendekeza, basi, kwamba mkufunzi atayarishe mashine tatu, kila moja na kosa lake alilolitia mwenyewe, na kazi zote za maana ziwe zimenakiliwa mahali pengine kwanza. Linux yaweza kuendeshwa kutoka katika flashi bila kusakinishwa, na kunakili kukafanyika humo. Ikiwa Windows imefungwa kwa BitLocker, ile namba ya kufungulia yenye tarakimu 48 iwe imeandikwa kando kabla ya mtu yeyote kugusa utaratibu wa kuwaka. Wanachuo wakae wawili wawili. Kwanza waandike waonacho, mahali mashine ilipofika, na kile watakachokiona endapo dhana yao ni sahihi. Ndipo mmoja aguse vibonyezo na mwenzake aandike, wakibadilishana baada ya kila kosa. Karatasi zikusanywe, na alama zitolewe kwa utabiri, hata kwa wale ambao mashine yao haikuwaka siku hiyo.